Alisema Nani, au Alisema Nini?

Julai 2017 kila Mtanzania alikuwa na Toyota Noah. Hakuna aliyeiona wala aliyekabidhiwa ufunguo, ila vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp ilikuwa imekwisha kugawiwa, na waliobaki kubishana walibishania rangi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Serikali ilikuwa imeipelekea kampuni ya dhahabu ya Acacia madai ya kodi ya dola za Marekani bilioni 190: bilioni 40 kodi yenyewe, bilioni 150 riba na adhabu. Kwa shilingi za wakati ule ni kama trilioni 424. Ukizigawa kwa watu milioni 50 na ushei, kila kichwa, pamoja na mtoto wa mgongoni, kinapata kama milioni 8. Mume na mke wakiunganisha mafungu yao, Noah imepatikana na hela ya mafuta imebaki.

Bajeti nzima ya serikali kwa mwaka 2017/18 ilikuwa shilingi trilioni 31.7. Maana yake ni kwamba kampuni moja ilikuwa inadaiwa fedha za kuendesha nchi nzima kwa zaidi ya miaka 13, kuanzia mishahara ya walimu hadi reli ya kisasa. Mtu aliyewahi kukopesha gunia moja la alizeti na kulifuatilia msimu mzima angesita hapo, aulize: hiyo kampuni inazo? Watu wengi walisita moyoni. Mdomoni walitania Noah, kwa sababu mwaka ule utani ulikuwa salama kuliko swali.

Ninaisimulia habari hii kwa ajili ya wale wanaokaa na viongozi kuzungumza mambo ya nchi: mtangazaji studio, diwani kikaoni, mzee anayenyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji. Ninaisimulia kutokea Singida kwa sababu mtu aliyekataa Noah yake hadharani alitoka huko. Tundu Lissu alizaliwa mwaka 1968 Mahambe, wilaya ya Ikungi ya leo, na tangu 2010 alikuwa mbunge wa Singida Mashariki. Machi 2017 mawakili wa Tanzania Bara walikuwa wamemchagua kuwa rais wa chama chao, na bungeni alikuwa mnadhimu mkuu wa upinzani.

Kwanza tuitendee haki hasira ya nchi. Haikuwa ya bure. Mikataba ya madini ya miaka ya 1990 ilifungwa kwa masharti ambayo hata chama tawala kilikuja kuyaonea aibu. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 mpaka sheria ya 2010 ilipoufikisha 4. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alipopeleka bungeni hoja ya mkataba wa Buzwagi, uliokuwa umesainiwa London, malipo yake yalikuwa kusimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Baadaye serikali ikaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuchunguza yale yale aliyoyasema. Kwa hiyo Rais John Magufuli alipozuia mchanga wa dhahabu, yaani makinikia, kusafirishwa nje mwezi Machi 2017, alikuwa amegusa kidonda halisi. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikamweleza kwamba makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam yalikuwa na dhahabu nyingi mara kadhaa kuliko iliyotangazwa. Waziri Sospeter Muhongo akapoteza kazi siku hiyo hiyo. Juni 12 ikaja kamati ya Profesa Nehemiah Osoro na matrilioni yake, na siku mbili baadaye mwenyekiti wa Barrick, kampuni yenye hisa nyingi za Acacia, John Thornton, akawa Ikulu akipeana mkono na Rais. Taarifa zote mbili zilisomwa mubashara kwenye televisheni. Nchi ilisimama kutazama.

Lissu alisema mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza lilikuwa la kisiasa: kwamba kinachoitwa wizi kilifanyika kwa sheria zilizotungwa Dodoma na mikataba iliyosainiwa na mawaziri wetu, kwa hiyo mwizi asitafutwe upande mmoja. La pili lilikuwa la kisheria, na ndilo lenye uzito zaidi kwenye habari hii. Alionya kwamba Tanzania imejifunga kwenye mikataba ya kimataifa ya kulinda uwekezaji. Kwamba ukibadili mambo kwa nguvu kabla ya kujitoa kwenye mikataba hiyo, mwekezaji hatakwenda mahakama ya Kisutu, atakwenda kwenye mabaraza ya usuluhishi ya nje. Na kwamba huko tutalipa.

Huyu hakuwa mgeni wa jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa na wanasheria wenzake wa mazingira wa LEAT, alikuwa amezunguka akidai uchunguzi wa yaliyowapata wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Mgodi ule ulikuwa na bima ya MIGA, taasisi ya Benki ya Dunia, na malalamiko yao yalifika mpaka huko Washington. Hapa nyumbani alifunguliwa kesi ya uchochezi kwa kazi hiyo. Mtu aliyeshitakiwa kwa kuwasumbua wenye migodi, miaka 15 baadaye akawa anaitwa wakili wa wenye migodi. Ungetegemea mwandishi yeyote aliyekaa naye aanzie hapo: Mheshimiwa, wewe uliwapinga watu hawa ukiwa kijana, leo unasema tusiwaguse hivi. Ni mkataba gani unaotufunga? Umesainiwa lini? Kifungu kipi? Tukitaka kujitoa tunafanyaje, na inachukua muda gani?

Aliyoulizwa zaidi yalikuwa ya namna nyingine. Uko upande gani? Wewe ni mzalendo? Unatumwa na nani? Tuseme kweli, yeye mwenyewe hakusaidia sana. Lissu hazungumzi kwa kumung'unya. Akimwona mtu hajui sheria humwambia hajui sheria, na mbele ya kamera hilo hugeuka kuwa habari kuliko sheria yenyewe. Magazeti yalibeba maneno yake makali, kifungu kikabaki ukurasa wa ndani au hakikubaki kabisa. Ila kosa la msemaji kuwa mkali ni dogo. La msikilizaji kupima ukali na kuacha kupima ukweli lina gharama yake, na gharama hiyo nitaitaja kwa dola.

Miswada mitatu ya kubadili utawala wa maliasili ilipita bungeni kwa hati ya dharura, mwishoni mwa Juni na siku za mwanzo za Julai 2017. Kulikuwa na mengi mazuri ndani yake. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa, na Tume ya Madini ikaundwa. Sheria mojawapo ilitamka kwamba migogoro ya maliasili itaamuliwa hapa nchini. Hilo lilipigiwa makofi, ingawa mkataba uliokwisha kusainiwa na nchi nyingine haufutwi kwa Bunge la nchi moja kupitisha sheria. Mkataba wetu na Uingereza wa kulinda uwekezaji ulikuwa wa mwaka 1994. Wa Kanada ulisainiwa Mei 2013, miaka minne tu kabla. Yote miwili ilikuwa hai.

Ndani ya mabadiliko hayo kulikuwa na jambo dogo ambalo halikufika kijiweni. Sheria ya 2010 ilikuwa na leseni ya kuhodhi eneo, aliyopewa mtafiti aliyekwisha kupata madini lakini bei ya soko au hali ya mtaji haijamruhusu kuchimba. Mabadiliko ya 2017 yaliiondoa aina hiyo ya leseni, na Januari 2018 kanuni mpya zikafuta hata zile zilizokuwa zimeshatolewa. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza maeneo hayo yaombwe upya na wengine. Hapakuwa na kontena bandarini wala profesa kwenye televisheni. Nani angeitisha mdahalo wa leseni ya kuhodhi nikeli huko Nachingwea?

Wenye leseni ndio walioitisha, ila mdahalo wao walikwenda kuufanyia mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Kampuni ya Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa na mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, ilitumia mkataba wa Uingereza kupitia kampuni zake zilizosajiliwa huko. Julai 2023 baraza la usuluhishi likaiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109 pamoja na riba. Mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Winshear, iliyokuwa na mradi wa dhahabu Songwe, ilitumia mkataba wa Kanada na Oktoba 2023 ikakubali dola milioni 30. Montero, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro, ikafuata njia hiyo hiyo na Novemba 2024 ikakubali milioni 27. Jumla ni dola milioni 147, zaidi ya shilingi bilioni 350 kwa viwango vya siku za makubaliano. Serikali ilipokuwa inajenga vituo vya afya kwa shilingi milioni 500 kimoja, fedha hizo zingejenga vituo 700.

Na Acacia? Huko mambo yaliisha kwa namna ambayo haikumpa ushindi kamili yeyote. Kampuni zake zilipeleka shauri kwenye usuluhishi wa nje mwezi ule ule wa Julai 2017, lakini halikufika mwisho. Barrick, mwenye hisa nyingi, aliinunua Acacia yote mwaka 2019, akakaa na serikali, wakakubaliana dola milioni 300 kumaliza madai, serikali ipate asilimia 16 ya migodi, na faida ya kiuchumi igawanywe nusu kwa nusu. Mkataba ulisainiwa Januari 2020 na kampuni ya ubia, Twiga, ikazaliwa. Kwa hiyo aliyedhani tungeshindwa kwenye kesi ya makinikia hakupatia, na serikali ina haki ya kulisema hilo. Sekta ya madini imekua, na lengo la kuchangia asilimia 10 ya pato la taifa lilifikiwa 2024. Lakini linganisha: kwa kila dola 633 zilizodaiwa ilikubaliwa dola moja. Na kiasi kinacholingana na nusu ya hizo milioni 300 kimekwenda kuwalipa watu wa leseni ambazo hakuna aliyekuwa na hasira nazo. Onyo lilikuwa sahihi. Shoka likaangukia mahali ambapo hata mwonyaji hakuwa anapaangalia sana.

Methali yetu inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haisemi chochote kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo, labda kwa sababu guu linalovunjika hapo huwa si la mkuu.

Lissu alipigwa risasi Dodoma mchana wa Septemba 7, 2017, akitoka bungeni, miezi miwili baada ya Noah kugawiwa. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tukio hilo. Januari 2019 alikaa London mbele ya Stephen Sackur wa kipindi cha HARDtalk cha BBC, mtu ambaye kazi yake ni kumbana mgeni bila kujali amekuja na magongo. Lilikuwa zungumzo la maswali magumu, na hapa nyumbani lilistahili kujibiwa hoja kwa hoja. Badala yake mjadala bungeni ukahamia kwenye mshahara wake, na Juni 28 mwaka huo Spika Job Ndugai akatangaza kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi. Watu wa Ikungi walipata mbunge mwingine bila kupiga kura, kwa kuwa mgombea wa CCM alipita bila kupingwa. Kesi ya uhaini aliyofunguliwa Lissu Aprili 2025 ni simulizi nyingine, na sitaki kuichanganya na hii.

Spika Ndugai anastahili aya yake, kwa sababu yaliyompata ni sehemu ya funzo. Desemba 2021, akizungumza Dodoma, aliuliza kuhusu deni la taifa, wakati huo akilitaja kufikia trilioni 70. Aliuliza kipi ni bora, tujibane kwa tozo zetu au tuendelee kukopa, na akasema iko siku nchi itapigwa mnada. Mtu anaweza kulipinga hilo kwa takwimu: kuna vipimo vya uhimilivu wa deni, kuna masharti ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa IMF uliokuwa unazungumzwa, kuna ratiba ya kulipa. Mjadala wa wiki moja tu wa namna hiyo ungewafundisha Watanzania zaidi ya miaka kumi ya hotuba za bajeti. Haukufanyika. Kilichoulizwa ni: anamlenga nani, anautaka urais wa 2025? Januari 3 aliomba radhi, siku iliyofuata Rais Samia Suluhu Hassan akamjibu hadharani, na tarehe 6 alijiuzulu. Aliyekuwa akiwapima wengine kwa upande wao alipimwa kwa kipimo hicho hicho. Swali lake kuhusu deni liliondoka naye ofisini, na deni likaendelea kukua.

Sasa tuvuke wilaya, kutoka Ikungi kwenda Iramba, kwa sababu Singida hiyo hiyo imetupa mfano wa mazungumzo yaliyofanikiwa. Mbunge wa Iramba Magharibi, Mwigulu Nchemba, alikuwa Waziri wa Fedha tangu Machi 2021. Novemba 2025 akawa Waziri Mkuu. Bajeti yake ya kwanza ilileta tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Bunge liliipitisha Juni bila vumbi. Julai 15, 2021 ilipoanza kukatwa, vumbi likatimka kwa siku moja. Mama wa Kiomboi anayepokea ada ya mjukuu kutoka Dar es Salaam, wakala wa pale stendi ya Singida, mnunuzi wa alizeti anayelipa wakulima kwa simu, wote walikuwa na ushahidi mkononi: ujumbe uliosema kiasi kilichotumwa, makato ya kampuni, na tozo ya serikali. Hakuna aliyehitaji profesa.

Kwa sababu hiyo viongozi waliulizwa kwa tarakimu, na wakajibu kwa tarakimu. Baada ya siku chache tu Rais Samia akaagiza tozo iangaliwe upya. Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Serikali ikaonyesha ilikokwenda fedha, ikataja vituo vya afya 234 vya tarafa. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa kutoka 7,000 hadi 4,000. Ilipoingia kwenye miamala ya benki kelele zikarudi, na Septemba 20 waziri akasimama bungeni kuondoa baadhi. Juni 2023 akapendekeza tozo ya kutuma fedha ifutwe. Hapo sera ilizungumzwa kama inavyotakiwa kuzungumzwa, na hakuna aliyeitwa msaliti kwa kusoma ujumbe wa simu yake kwa sauti.

Lakini hotuba ile ile iliyofuta tozo ilileta shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Zilinung'unikiwa kidogo, kisha zikazoeleka. Huwezi kuziona kwenye ujumbe wa simu. Zimekaa ndani ya bei. Fundi anayejenga Misuna anajua saruji imepanda, hajui sehemu gani ni kiwanda, gani ni lori na gani ni Hazina. Sisemi kodi hizo ni mbaya. Barabara hazijengwi kwa maombi. Ninasema tulijua kuuliza pale tulipoonyeshwa bei, na tulinyamaza ilipofichwa. Leseni za 2018 zilifichwa zaidi: bei yake ilikuja baada ya miaka mitano, kwa dola, kutoka mji ambao wengi wetu hatutafika.

Hii ndiyo sababu mazungumzo ya kina na viongozi yana thamani, na ndiyo sababu mengi ya tunayoyaita ya kina hayana kina. Kipindi cha saa moja kinaweza kwisha mgeni akiwa ameeleza utoto wake, alivyochunga ng'ombe, alivyokutana na mkewe, anavyowaona wapinzani wake na kama atagombea tena. Utamu upo. Ila hakuna mtu wa Mkalama au Manyoni aliyeongezewa chochote cha kumwezesha kuamua. Wapo watangazaji wanaojua hili na bado wanaogopa swali la kifungu, kwa kuwa linahitaji wasome usiku uliotangulia, na kwa kuwa kiongozi akikasirika hatarudi tena studio. Woga wa pili ninauelewa. Wa kwanza siuelewi. Sheria ya Madini inasomeka, na hotuba ya bajeti hutolewa kwa Kiswahili kila Juni.

Kiongozi wa upinzani naye aulizwe hivyo hivyo. Akisema sheria fulani itatuletea kesi, autaje mkataba. Akisema atafuta kodi, aulizwe pengo litajazwa na nini. Kumpigia makofi kwa sababu yuko upande wetu ni ugonjwa ule ule uliomfanya mwingine amzomee.

Ikungi ina pa kuanzia, maana dhahabu sasa iko nyumbani. Iramba walikuwa nayo tangu enzi za Wajerumani: ya Sekenke ndiyo iliyogongwa sarafu za rupia 15 Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, na sijui kama kuna Mnyiramba aliyeulizwa. Leo kuna mgodi wa Shanta huko Mang'onyi, wilaya ya Ikungi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2023. Hapa hakuna haja ya kusubiri kamati ya maprofesa. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo, na Sheria ya Madini, kwa mabadiliko yale yale ya 2017, inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuchangia maendeleo ya jamii na kukubaliana juu yake na serikali ya mitaa. Hayo ni maswali yenye majibu ya tarakimu. Mauzo yalikuwa kiasi gani mwaka uliopita? Ushuru wake ni kiasi gani, na umeingia lini? Mpango wa mwaka huu umesainiwa? Zahanati iliyoahidiwa imo au haimo, na kwa bei gani? Mkurugenzi wa halmashauri akijibu, jibu liandikwe. Akisema atafuatilia, itajwe tarehe ya kurudi na jibu. Akiuliza wewe ni wa chama gani, arudishwe kwenye swali, kwa heshima zote, shikamoo zikiwa mahali pake.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa walau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Unaofuata usikupite, na usiondoke kabla tarakimu hazijasomwa.